Naomba ushauri: chapa yangu ya sanaa imeganda kwenye kioo

Wakuu, habari zenu. Niko Kigoma mjini, na nina ugonjwa wa kukusanya chapa za sanaa dhahania (picha za kuchapwa kwenye karatasi, zisizoonyesha kitu halisi), zile zinazotolewa kwa idadi maalumu kisha basi. Ninazo 4 tu, msinione tajiri.

Ninayoipenda zaidi ni ya bluu inayoyeyukia kwenye rangi ya chungwa. Haina mtu wala mti, lakini ukiitazama unaona Ziwa Tanganyika jua likizamia upande wa Kongo. (Mama watoto anasema ni rangi iliyomwagika, tumeshakubaliana kutokubaliana.) Chini kushoto imeandikwa 17/50 kwa penseli, yaani nakala ya 17 kati ya 50, na kulia kuna sahihi ya msanii.

Sasa fundi wa fremu aliibana ikagusana na kioo, nyuma akaweka hadibodi. Mvua za mwaka huu zimeniumbua: vidoa vya kahawia pembeni, na kona moja imegandana na kioo. Nimezuia mikono isiivute maana naogopa wino utabaki kwenye kioo. Kuna aliyewahi kuokoa ya namna hii? Na karatasi ya kuweka nyuma isiyo na asidi mnaipata wapi, au mpaka niagize Dar?

La pili. Kuna mtu ananiuzia yenye A/P badala ya namba, anataka bei ya juu. Najua ni nakala ya msanii, nje ya hesabu ya toleo. Mngenunua?