Fundi kaniambia diski imekufa nisahau kila kitu, kumbe ni mpangilio wa bayosi tu (programu ndogo inayoiamsha kompyuta kabla ya Windows)!

Waungwana, niko Lamu, na hasira niliyo nayo imenikaa kooni wiki tatu sasa. Leo naitoa.

Kompyuta yangu ni ya mezani, ya zamani, ina Windows 7. Najua msaada wake ulikwisha tarehe 14 Januari 2020, msianze kunihubiria, siiungi na intaneti. Kazi yake ni moja. Bibi yangu, Mungu amrehemu, alikuwa akikaa barazani baada ya alasiri akinisomea tenzi na nyimbo za harusi alizozihifadhi moyoni tangu usichana wake. Mimi namrekodi, kisha usiku nachapa. Miaka mitano ya sauti yake imo humo. Kuna maneno ya Kiamu ambayo hata mama hayajui, na maana yake ninayo kwa kinywa cha bibi peke yake.

Ikakataa kuwaka. Nilipoifungua nikaona kapasita zimevimba vichwa na kutu ya kijani imeota kwenye miguu ya vipande. Huku kwetu chumvi ya bahari inakula hata bawaba za milango, kwa hiyo sikushangaa. Nikapanda boti hadi Mokowe, nikashika basi hadi Malindi kwa fundi niliyeelekezwa, sanduku nimelipakata njia nzima kama mtoto mchanga.

Akasema mazabodi, ile bodi kuu inayounganisha vipande vyote, imekufa, na ni kweli ilikuwa imekufa. Akaniwekea iliyotumika. Ramu zangu, vile vipande vya kumbukumbu, zilikuwa za kizazi cha DDR2 na mazabodi hii inataka DDR3, pengo la katikati haliko mahali pamoja, haziingii hata ukisukuma. Nikanunua nyingine. Hapo sina ugomvi naye.

Ugomvi unaanza nilipofika nyumbani. Nawasha, feni zinazunguka, skrini nyeusi tii. Nampigia simu. "Hiyo prosesa imekwenda, mzee. Ilete." Hakuniuliza hata swali moja! Binamu yangu wa Shela akaja na tochi, akamulika ndani, akanionyesha plagi ndogo ya waya nne inaning'inia hewani. Ndiyo inayopeleka umeme kwa prosesa, ule ubongo wa kompyuta. Ile plagi kubwa ya pini 24 peke yake haitoshi, feni zitazunguka lakini picha hupati. Maana yake ni nini? Maana yake yule bwana alipokea pesa zangu na kunikabidhi mashine ambayo hakuiwasha hata mara moja. Fundi wa baiskeli anazungusha gurudumu kabla ya kukurudishia!

Tukachomeka. Nembo ya Windows ikatokea, skrini ya bluu ya kosa ikapita kama radi, ikajizima na kuanza upya. Tena na tena. Nikampigia, nikamweleza. Akajibu, "Diski imeungua. Nitakuwekea mpya na Windows mpya. Vilivyomo visahau." Visahau! Nikamwambia humo mna sauti ya marehemu. Akasema hata ikikubali itabidi aifomati, yaani afute vyote vilivyomo.

Waungwana, mkono ulinitetemeka. Laiti ningekuwa sina binamu, ningepanda boti tena nikampelekea aifute.

Binamu alibonyeza F8 wakati inaanza, akachagua isijiwashe yenyewe ikikwama. Skrini ya bluu ikatulia, tukasoma msimbo wa kosa: 0x0000007B. Windows inasema imeshindwa kuifikia diski ya kuanzia. Haijasema diski imekufa! Windows yangu iliwekwa diski ikiwa kwenye mtindo wa IDE, ule wa zamani wa kuongea na diski, na mazabodi hii imepangwa AHCI, ule mpya, kwa hiyo ilianza bila ya dreva, yaani programu ya kuongea na diski yake yenyewe. Tukaingia kwenye bayosi, sehemu ya SATA inayohusu diski, tukarudisha IDE, tukahifadhi. Ikawaka. Nikafungua faili la kwanza lililokuja mkononi, bibi akakohoa kidogo kama desturi yake, akaanza bismillahi. Mama alikuwa jikoni akaacha alichokuwa akifanya.

Usiku stima ikakatika. Asubuhi, bluu ileile! Safari hii nilitazama saa ya bayosi: imerudi nyuma miaka chungu nzima. Betri ya CR2032 ilikuwa imekwisha, ile ya mviringo ya volti 3 inayotunza saa na mipangilio ya bayosi, kwa hiyo umeme ukiondoka mipangilio yote inasahaulika na AHCI inarudi. Yaani kaniuzia mazabodi na betri iliyokufa juu yake. Nimenunua nyingine dukani kwa shilingi chache, nikarudisha IDE, na tangu hapo haijasumbua. Windows inalalamika leseni kwa kuwa imeona mazabodi ngeni, hilo nitalishughulikia.

Nakala za bibi sasa ziko kwenye flashi mbili, moja kwangu na moja Shela.

Wewe fundi, kama unasoma: neno "fomati" si jibu la kumpa mtu kwenye simu kabla hujaona hata msimbo wa kosa. Nilikulipa ufundi wa kuikagua, hukuikagua. Nataka unirudishie pesa za kazi, na ramu zangu mbili za DDR2 ulizobaki nazo bila ya kuniuliza. Leo nimekupigia mara tatu tangu asubuhi, na simu inaita tu.