Wauzaji wa bodi za kuhami joto, acheni kutuuzia tishu tupu ya faibaglasi na kudai imepakwa!

Wakuu, leo siji kuuliza swali. Nimekuja kulalamika, na naomba kila anayeagiza, anayeuza au anayefunga vifaa vya kuhami joto asome mpaka mwisho.

Tuliagiza bodi za povu la PIR (plastiki ngumu ya poliisosayanureti ya kuhami joto) kwa ajili ya paa bapa. Kwenye oda tuliandika bila kificho kwamba pande zote mbili ziwe na tishu ya faibaglasi, yaani shuka jembamba la nyuzi za kioo, yenye mpako wa madini. Mzigo ukaja, mweupe, umenyooka, unapendeza kwa macho. Mafundi walipoanza kubandika utando wa kuzuia maji, gundi ikawa inazama tu. Ukipaka, ukigeuka, pamekauka. Ikabidi kuongeza, na kuongeza tena. Na pale utando uliposhika, tulipojaribu kuuvuta kwenye kona ukang'oka pamoja na tishu yote, povu likabaki wazi. Tulipompigia muuzaji akajibu: "Faibaglasi ni faibaglasi, mkuu. Waangalie mafundi wako."

Hapana. Faibaglasi si faibaglasi tu, na mtu anayeuza bidhaa hii kwa wingi analijua hilo.

Tishu yenyewe inatengenezwa kwa njia inayokaribiana sana na ya karatasi. Nyuzi za kioo zilizokatwa vipande vifupi, milimita kadhaa tu kila kimoja, zinatawanywa kwenye maji mengi, zinamwagwa juu ya wavu unaotembea, maji yanachujwa, kisha inawekwa gundi na kupitishwa kwenye tanuri ikaushwe. Hazifumwi. Zimelala ovyo kila upande, zimeshikwa na gundi. Tishu ya namna hiyo huwa na uzito wa kama gramu 30 hadi 100 kwa mita ya mraba, na ukiishika juu ya taa unaona mwanga unapita. Hiyo ni mifupa. Nyama ni mpako.

Mpako unaotakiwa ni uji mzito wa unga wa madini: kalisi kaboneti, kaolini, au alumini haidroksaidi, uliofungwa kwa lateksi. Unapakwa na kukaushwa, na unaweza kuufanya uzito wa tishu kupanda mara kadhaa. Kazi yake inaanzia kiwandani kabisa. Bodi ya PIR inapotengenezwa, kemikali zikiwa bado majimaji humiminwa katikati ya tishu mbili zinazotembea, zinavimba na kujigandisha zenyewe kwenye tishu. Kama matundu hayajazibwa, povu linapenya hadi upande wa nje, uso unakuwa na mabaka, na gundi ya utando haina mahali pa kushika kwa usawa. Mpako mzuri unaziba upande wa nje na kuacha nyuzi za upande wa ndani wazi, ili povu liziume. Kwa hiyo mtu akikuletea tishu tupu iliyopigwa rangi nyepesi ili iwe nyeupe, hajakupunguzia kitu kidogo. Ameondoa kile ulichokilipia na kukuachia sura yake.

Na huo ni mwanzo tu. Nilipoanza kufuatilia nyaraka zao nikakuta ubabaishaji mwingine mbaya zaidi.

Kwenye tangazo wameandika upitishaji joto wa 0.022 W/mK (namba ikiwa ndogo, joto linapita kidogo). Wenye uzoefu wa PIR wanajua namba hiyo inatoka wapi: ni ya bodi zenye karatasi ya alumini pande zote. Alumini inazuia gesi iliyomo ndani ya vitundu vya povu isitoke na hewa isiingie. Tishu ya faibaglasi, hata ikipakwa vizuri, haizuii gesi kwa kiwango hicho, na ndiyo maana bodi zake hutangazwa kwa namba kama 0.024 hadi 0.027 kutegemea unene. Piga hesabu uone. Ukitaka ukinzani wa joto wa 5 (m²K/W), ambao ni unene kwa mita ukigawanywa kwa upitishaji joto, kwa 0.022 unahitaji milimita 110. Kwa 0.026 unahitaji milimita 130. Hizo milimita 20 mtu amezifuta kwa kunakili namba ya bidhaa nyingine, na mwenye nyumba ndiye atakayekaa na joto au baridi hiyo miaka yote ya jengo. Sisemi bodi ya tishu ni mbaya. Inapumua mvuke, inashika gundi kuliko alumini, haipondeki kirahisi. Ninachosema ni kwamba iuzwe kwa namba zake yenyewe.

Kisha moto. Hapa ndipo hasira yangu inapopanda kabisa, kwa sababu hapa watu wanaweza kufa. Nilipoomba cheti cha moto nikatumiwa karatasi inayosema daraja la A1 chini ya kiwango cha Ulaya cha EN 13501-1, yaani haiungui. Nikaisoma mstari kwa mstari. Ni cheti cha nyuzi za kioo! Si cha bodi. Si hata cha tishu iliyokamilika, maana tishu ina gundi ya kikaboni ndani yake, na gundi hiyo inaungua. PIR nayo ni povu la kikaboni. Lina ukinzani mzuri kuliko mapovu mengine mengi, linatengeneza tabaka la mkaa linapoungua, lakini linaungua. Daraja la moto ni la bidhaa nzima jinsi ilivyopimwa, na huwezi kuchukua cheti cha ngozi ukakibandika kwenye mwili mzima. Mpako wa alumini haidroksaidi unasaidia kweli: ukifikia nyuzi joto 200 hivi unaanza kuachia maji yaliyofungwa ndani yake, karibu theluthi moja ya uzito wake, na kazi hiyo inameza joto. Lakini usaidizi huo unapatikana pale tu mpako upo, na upo kwa uzito unaotakiwa. Sasa mtu ameondoa mpako, halafu anakuonyesha cheti cha kioo. Niiteje tabia hiyo kama si kuchezea maisha ya watu?

Jambo jingine linalohusu moto, na mafundi wa lami wanisikilize. Bodi yenye tishu ya mpako wa madini si ya kupigia moto wa gesi moja kwa moja ili kuyeyusha lami juu yake, isipokuwa mtengenezaji ameandika kwamba inaruhusiwa. Kuna bodi zenye tishu iliyolowekwa lami kwa kazi hiyo. Muuzaji wetu alikuwa anawaambia wateja "yote sawa". Si sawa hata kidogo.

Wapo pia wanaouza mabunda ya tishu hii kama kitu cha kutia nguvu kwenye lipu ya saruji. Nimeliona hili kwa macho yangu likisifiwa kwa mteja. Kioo cha kawaida kinachotumika kwenye tishu hakivumilii alkali, na maji yaliyomo kwenye saruji yana pH inayozidi 12. Alkali inakula kioo taratibu, nyuzi zinapoteza nguvu, na nyufa ulizotaka kuzizuia zinarudi wakati muuzaji hapatikani tena kwenye simu. Kwa saruji kuna kioo maalumu chenye zirkonia, au wavu uliofumwa na kupakwa kitu kinachohimili alkali. Ni bidhaa tofauti kwa jina, kwa sura na kwa kazi.

Kwenye bodi za jasi nako kuna mchezo. Bodi ya jasi ya kawaida ina karatasi pande zote, na karatasi ni chakula cha kuvu ikilowa. Ile yenye tishu ya faibaglasi iliyopakwa haina hicho chakula, ndiyo maana inapendekezwa kwa kuta za nje chini ya umaliziaji na sehemu zenye unyevu. Viwango vyake vya ASTM, shirika la viwango la Marekani, havifanani: ya karatasi iko kwenye ASTM C1396, ya tishu kwa kuta za nje iko kwenye ASTM C1177. Upinzani wa kuvu hupimwa kwa ASTM D3273, bodi inakaa kwenye chumba chenye unyevu wiki 4, na alama 10 maana yake hakuna kuvu iliyoota. Sasa muuzaji anakuambia "hii haiingii kuvu kabisa" bila kuonyesha alama yoyote, na bodi zenyewe zimekaa nje kwenye mvua, vumbi na udongo vimeganda juu. Kuvu haili kioo, lakini inaota vizuri tu juu ya uchafu. Halafu mafundi wanaunga kwa mkanda wa karatasi! Umenunua bodi isiyo na karatasi, ukairudishia karatasi kwenye kila kiungo.

Kwa wale wa dari za kuzuia mwangwi nitasema kifupi: pale mpako mzito si sifa. Tishu lazima ipitishe hewa ili sauti iingie kwenye pamba iliyo nyuma. Anayekuuzia tishu nzito iliyozibwa kwa ajili ya dari hizo amekuuzia ubao wa kurudisha kelele, na anayezipaka rangi ya ukutani kwa rola baada ya kufungwa anaharibu vilevile.

Nimalizie na mafundi, maana hakuna anayewataja. Tishu tupu inawasha. Ukikata, vipande vya nyuzi vinaingia kwenye ngozi ya mikono na shingo, na mtu anajikuna usiku kucha. Mpako unafunga nyuzi, unapunguza sana adha hiyo. Sitaki kuwatisha watu kwa uongo: nyuzi hizi si asbesto. Zina unene wa mikroni 10 hivi au zaidi, na zikivunjika zinakatika kwa upana, hazichaniki kuwa nyembamba zaidi. Mwaka 2002 IARC, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, liliziweka nyuzi ndefu za kioo kwenye kundi la 3, yaani hazikuweza kuainishwa kuwa zinasababisha saratani kwa binadamu. Lakini kuwasha ni kuwasha, na vumbi ni vumbi. Kumpa fundi mzigo wa tishu tupu, bila glavu, bila barakoa, bila miwani, na kumwambia "imepakwa hiyo, haiwashi", ni dharau.

Madai yangu kwa wauzaji ni haya. Andikeni kwenye kila mzigo uzito wa tishu na uzito wa mpako, kila mmoja peke yake, kwa gramu kwa mita ya mraba. Andikeni mpako ni wa nini. Toeni cheti cha moto cha bodi nzima chenye jina la bodi hiyo hiyo, si la malighafi. Na upitishaji joto uwe wa bodi yenye ngozi hiyo na unene huo.

Kwa wanunuzi, msisubiri waungwana. Ombeni kipande cha tishu kutoka kwenye bunda kabla haijabandikwa kwenye povu. Kata sentimita 50 kwa 40, pima kwa mizani ya jikoni, zidisha mara 5, hapo una gramu kwa mita ya mraba. Wakisema 300 na wewe ukapata 70, mazungumzo yameisha. Kama bodi imeshafika, dondosha maji juu yake na uangalie kama yanazama papo hapo, kisha bandika kipande cha utando, kiache kikauke kabisa, ukivute. Angalia kinachong'oka. Fanyeni hivyo kabla ya kusaini kupokea mzigo, kwa sababu ukishasaini watakuambia walichotuambia sisi.

Sisi mzigo tumeukataa kwa maandishi na malipo yaliyobaki tumeyazuia. Kama kuna mdau aliyeletewa bodi nyeupe zinazokunywa gundi namna hii, aweke hapa picha ya lebo na karatasi ya vipimo aliyopewa, tuzilinganishe mstari kwa mstari.