Kufiwa ukiwa ughaibuni, mnafanyaje?

Assalaam alaykum ndugu zangu wa Unguja na Pemba,

Samahanini, hii si ya viza wala kontena. Baba kanifia wiki tatu sasa, Chake Chake, kazikwa siku ile ile na mie nipo huku Birmingham nnaangalia kwa simu ya ami inayokatika katika. Tangu hapo silali, chakula ni mkate na chai tu, kazini nnakwenda lakini juzi nimemjibu bosi kwa Kiswahili dakika nzima bila kujijua. Mwenzangu wa kazini ananambia ati nijitunze, nioge maji ya moto niwashe mishumaa. Mishumaa! Kwetu mishumaa si umeme umekatika? Walofiwa na wazee wakiwa huku, mlifanyaje?

---

Waalaykum salaam mdogo wangu, pole sana, Mungu amrehemu baba.

Mie bi mkubwa alifariki Wete, mwezi wa Januari, alfajiri ya kule, huku saa nane za usiku. Kabla sijapata hata tiketi ya kupitia Addis Ababa washamzika, adhuhuri ya kwetu ndo huku saa tatu unusu, watu wametoka kupeleka watoto skuli. Na hata ningeipata, nishuke Unguja, nisubiri boti ya Pemba, ningekuta watu washaanua majamvi. Basi nikafanya kama weye, siku ya pili nipo kazini, najiona hodari. Mwezi wa pili nshaunguza sufuria tatu, na siku moja nimepanda basi silo nikashushwa mwisho wa njia, mvua inanyesha, miguuni nna ndara.

Alonifaa ni bibi mmoja wa Makunduchi anakaa mtaa wa nyuma. Kaniuliza, "Matanga umekaa?" Nikamwambia nikae na nani? Kesho yake huyo kaja na mkeka kauviringisha kwapani. Unajua nyumbani siku tatu zile hupiki, majirani ndo wanaleta sinia, na hata ukitaka kukaa peke yako hawakuachi, mara huyu kakushika mkono mara yule anakuhadithia alivyokuwa marehemu usichana wake, unalia weee mpaka unachoka unalala. Huku nani anakuchosha? Nikapiga simu kazini nikasema naumwa, na si uongo, silali (huku Uingereza siku saba za mwanzo hawakudai karatasi ya daktari, unajaza fomu mwenyewe), nikakaa chini, mlango wazi. Wiki tisa zishapita toka azikwe na watu walikuja! Juzuu thelathini tukagawana kwa wasapu na walioko Wete tukasoma hitma pamoja.

Siku ya tatu wanawake walipoondoka tukabaki wawili, yule bibi kabandika uji wa shayiri. Ndo talbina, imo kwenye Bukhari, Bibi Aisha alikuwa wakifiwa kwao, watu wakishatawanyika wamebaki wa nyumbani, anaamrisha ipikwe, ati inamtuliza moyo mwenye huzuni. Vijiko viwili vya unga, kikombe cha maji, moto mdogo usiache kukoroga, ukishika tia maziwa, ukiepua ndo asali. Yeye katia na iliki, hiyo ni ya Makunduchi si ya Bukhari. Nilikunywa bakuli zima, na usiku ule nimelala mpaka nikagombezwa na jua.

Mengine madogo madogo. Udi nafukiza Ijumaa lakini funga mlango wa jikoni, king'ora cha moshi cha huku hakijui udi ni nini. Sauti za baba kwenye wasapu zitoe uziweke kwenye kompyuta, leo, simu zinaibiwa. Na usiku ukikuzidi, 116 123 ni Samaritans, watu wa kukusikiliza kwa simu, bure, saa zote. Ushauri nasaha wa NHS (hospitali za serikali) kwa Uingereza unajiandikisha mwenyewe bila kupitia daktari, mie nilikwenda, na wale wanosema ati ni upungufu wa imani mwambie Mtume alilia alipofiwa na mwanawe Ibrahim.

---

Poleni wanangu. Mie nipo Nungwi. Meli ya Spice Islander ilipozama Septemba 2011 ilikuwa inakwenda Pemba, na kaka yangu alikuwemo, mpaka leo hajaonekana. Miaka mingi nlikuwa siwezi hata kula samaki. Sasa kila nikisali alfajiri nateremka pwani, namsomea Yasini, nakwenda zangu kuchota maji. Weye mwanangu baba'ko ana kaburi. Mwambie ami akupigie picha, si ya siku ya maziko, ya sasa hivi.

---

Ahsanteni nyote. Ami kanitumia leo, kuku wa jirani katulia juu ya kaburi kama kapangishwa. Baba na kuku wa yule jirani walikuwa na ugomvi wa miaka! Nimecheka hapa mpaka nikalia, mara ya kwanza tangu siku ile. Dada, huo unga wa shayiri unapatikana duka gani?

---

Duka la Wapakistani, waulize "jau". Chukua paketi ndogo, kubwa inaingia wadudu. Na Jumamosi usipike, nnakuja na mkeka.