Kwa nini Di Stéfano alipitia Colombia kabla ya kufika Real Madrid?

Swali (Mpenzi wa Soka la Kale)
Ndugu zangu, kuna jambo linanitatiza katika historia ya Alfredo Di Stéfano. Mwaka 1947 alikuwa mfungaji bora wa ligi ya Argentina akiwa River Plate, na mwaka huohuo akatwaa Copa América na timu ya taifa. Lakini mwaka 1949 tunamkuta Bogotá akiichezea Millonarios, katika ligi ya kulipwa iliyoanza mwaka mmoja tu kabla yake. Ligi changa namna hiyo ilimpataje? Je, ni fedha peke yake?

Jibu (Mzee wa Winga)
Fedha zilikuwapo, ila zisingetosha. Mwishoni mwa mwaka 1948 wachezaji wa Argentina waligoma, wakidai chama chao kitambuliwe, kima cha chini cha mshahara kiwekwe, na mchezaji awe huru kuhama mkataba wake unapokwisha. Klabu zikamalizia msimu kwa vijana na wachezaji wa ridhaa. Wakati huohuo Dimayor, chombo kilichoendesha ligi ya Colombia, kilikuwa kimegombana na shirikisho la soka la nchi hiyo, na FIFA ikaifungia Colombia. Kwa maoni yangu hapo ndipo penye kiini cha jambo lenyewe, kwa sababu klabu iliyokwisha kutengwa haikuwa na haja ya kulipa ada ya uhamisho, na fedha ambazo zingekwenda River Plate zikaingia mfukoni mwa mchezaji. Rais wa Millonarios, Alfonso Senior, alianza kwa kumleta Adolfo Pedernera. Di Stéfano na Néstor Rossi wakafuata.

Jibu (Msomaji wa Kumbukumbu)
Naongezea kwamba hawakuwa Waargentina tu. Cúcuta Deportivo ilisajili Waruguai, na Santa Fe ikamchukua Neil Franklin, beki wa Uingereza, ambaye kwa safari hiyo alilikosa Kombe la Dunia la 1950. Tusisahau pia hali ya nchi yenyewe: Jorge Eliécer Gaitán, mwanasiasa aliyependwa na wengi, aliuawa Bogotá tarehe 9 Aprili 1948, mji ukateketea kwa ghasia, na ligi ikaanza miezi michache tu baadaye. Sidhani kwamba watawala walichukia kuona watu wakijaa viwanjani.

Mpenzi wa Soka la Kale
Nashukuru. Basi ni haki kuiita ligi ya maharamia, kama walivyoiita wengi?

Jibu (Mzee wa Winga)
Mimi nasita, kwa kuwa waliolalamika ni klabu zilizomfunga mchezaji hata baada ya mkataba kwisha. Hata hivyo, mwaka 1951 yalifikiwa makubaliano ya Lima: wachezaji wangebaki Colombia hadi mwaka 1954, kisha warudi kwenye klabu zao. Kabla ya muda huo kwisha, Machi 1952, Millonarios iliifunga Real Madrid 4-2 huko Madrid, katika mashindano ya kuadhimisha miaka 50 ya klabu hiyo, na Di Stéfano akaonekana na waliohitaji kumwona. Mvutano wa mwaka 1953 ulitokana na makubaliano hayohayo: Barcelona ilizungumza na River Plate, Real Madrid ikazungumza na Millonarios, na kila upande ulikuwa na mwenye haki wake, kwa kuwa Millonarios ilikuwa na mchezaji hadi 1954 na River Plate ingemrudishiwa baada ya hapo. Shirikisho la Hispania likaamua achezee klabu hizo mbili kwa zamu, msimu huku na msimu kule. Barcelona ikajitoa, nayo Real Madrid ikabaki naye na kutwaa Kombe la Ulaya mara tano mfululizo, kuanzia 1956 hadi 1960.