Mjadala: Ada ya huduma ya 10% hotelini ni ya nani, na kwa nini bado tunadaiwa bakshishi?

Mtoa mada, Dar es Salaam

Wakuu, salaam. Kuna jambo limenikaa rohoni wiki ya pili sasa, naomba tulijadili kwa hoja.

Nilimpeleka mama Unguja siku mbili, pwani ya mashariki. Chumba kilitangazwa Sh 180,000 kwa usiku. Asubuhi ya kuondoka naletewa bili: siku mbili 360,000, chini yake ada ya huduma 10%, yaani 36,000, na chini yake tena kodi ya miundombinu inayohesabiwa kwa kichwa na kwa usiku. Kodi sina ugomvi nayo, ni ya serikali na inajulikana inakokwenda. Nilichouliza ni ile 36,000. Nikamwambia kijana wa mapokezi, "Mdogo wangu, hii inawafikia ninyi?" Akatupa jicho kwenye mlango wa ofisi ulio nyuma yake, akasema taratibu, "Kaka, hiyo ipo kwenye mfumo." Hakuongeza neno.

Muda huohuo mama yuko ukumbini, elfu kumi kaikunja kiganjani, anamtafuta binti aliyekuwa anasafisha chumba chetu. Jana yake kanga ya mama ilikuwa imelowa maji ya chumvi. Yule binti aliisuuza bila kuambiwa na mtu, akaianika kivulini, upande wa ndani ukiwa nje ili isipauke. Nikamwambia, mama, ya huduma si tumeshalipa? Akanigeukia: "Tumemlipa nani?"

Sikuwa na jibu, ndiyo maana nimekuja hapa. Msimamo wangu ni huu: hoteli ikishaandika "ada ya huduma" kwenye bili, hela ile ni ya waliohudumu, yote. Kama ni mapato ya mwenye hoteli, aitie kwenye bei ya chumba tuione tangu siku ya kuweka nafasi. Na mgeni akishailipa, asiwepo wa kumnunia kwa kutoacha bakshishi. Karibuni.

Mchangiaji, msimamizi wa hoteli ndogo, Unguja

Ndugu yangu, umeongea kwa uchungu na nakuelewa, lakini sikiliza na upande wa pili. Hoteli yangu ina vyumba tisa. Aprili na Mei, mvua za masika, naweza kukaa wiki nzima na wageni wawili, na mishahara iko palepale. Mawakala wa mtandaoni wanachukua kamisheni yao, mara nyingi 15% na wengine zaidi. Umeme ukikatika nawasha jenereta. Nikiweka kila kitu kwenye bei ya kwanza, mgeni anayepekua simu ananiona ghali kuliko jirani aliyeficha, ananipita. Hilo ndilo linalotufanya tuandike ada pembeni, siyo wizi.

Kwangu ada inagawiwa kwa pointi. Mpishi mkuu ana pointi nyingi kuliko mtunza bustani, na aliyekaa miaka mingi ana nyingi kuliko aliyeingia jana. Tunatoa kwanza fidia ya vyombo vilivyovunjika na taulo zilizopotea, kinachobaki tunagawana.

Mchangiaji, Mombasa

Hapo kwa vyombo ndipo umeteleza, ndugu. Huku kwetu Kenya jambo hili limeandikwa. Sheria ya VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya mwaka 2013 haitozi kodi kwenye ada ya huduma inayowekwa badala ya bakshishi, lakini kwa masharti: isizidi 10% ya bei ya huduma, na igawiwe moja kwa moja kwa wafanyakazi kulingana na makubaliano ya maandishi kati yao na mwajiri. Soma maneno yale, "badala ya bakshishi". Maana yake serikali imekubali kuacha 16% yake ya VAT kwa sababu hela ile inahesabiwa kuwa ni ya mhudumu. Mwajiri akikata glasi zilizovunjika humo, mhudumu ndiye anayelipia biashara ya mwenye hoteli.

Sisemi huku ni peponi. Nimefanya kazi hoteli ya Pwani Kaskazini ambako kila mwezi tulikuwa tunapewa karatasi ya pointi bila kuonyeshwa jumla iliyokusanywa. Unajua pointi zako ni 14, hujui pointi moja ni shilingi ngapi mpaka hela iingie. Chama cha wafanyakazi kilipokuja kukaa mezani na menejimenti ndipo tukaanza kuona jumla. Kwa hiyo sheria bila mtu wa kuifuatilia hapo mlangoni ni karatasi. Lakini angalau ukiwa nayo una pa kuanzia kuuliza. Mtoa mada, yule kijana wa mapokezi alikuwa hana.

Mchangiaji, Mwanza

Mimi nasema bakshishi ifutwe kabisa, na ada ifutwe. Lipeni watu mishahara. Japani mhudumu ukimwachia hela mezani anakukimbilia akijua umesahau, na huduma yao inasifiwa dunia nzima.

Na kuna hili hatulisemi. Hizi bakshishi zimetufanya tudharauliwe nyumbani kwetu. Nimekaa mgahawa wa hoteli pale Arusha na mke wangu dakika arobaini tukisubiri chai, huku meza ya wazungu waliotukuta inaletewa hadi matunda. Mhudumu anapiga hesabu ya macho: huyu ataacha dola, huyu ataacha "asante sana kaka". Mfumo unaomfundisha kijana wa Kitanzania kumpita Mtanzania mwenzake hauwezi kuwa mzuri, hata kama unamlisha.

Mchangiaji, Dubai

Mzee wa Mwanza, pole kwa hilo la Arusha, limeniuma. Nina mwaka wa sita hapa kwenye hoteli, mimi wa Tanga, tuko wengi na Wakenya na Waganda. Bili ya hapa nayo ni ndefu: VAT 5%, ada ya manispaa, ada ya huduma, halafu kuna tozo iitwayo dirham ya utalii (dirham ndiyo hela ya hapa), kati ya dirham 7 na 20 kwa chumba kwa usiku kulingana na nyota za hoteli. Lakini ile dirham ya utalii mgeni anajua ni ya serikali na kiwango chake kinaeleweka. Ada ya huduma ndiyo ile ile ya kwenu, inategemea mwajiri. Rafiki yangu hoteli ya jirani hajawahi kuona hata fils moja, yaani senti ya huku, yake. Anayonipa mgeni mkononi ndiyo nayotuma nyumbani, mshahara unaishia kwenye chumba na chakula. Msiifute kabla hamjatuwekea kitu badala yake.

Mchangiaji, aliyewahi kusafisha vyumba, Zanzibar

Nimesoma nikasema leo lazima niandike, kwa sababu mnazungumza kuhusu sisi na sisi hatupo.

Nilisafisha vyumba miaka minne, kumi na mbili hadi kumi na nne kwa siku. Mgeni hatuoni. Anayeonekana ni wa mapokezi, wa baa, na anayebeba mabegi. Bakshishi inaishia kwao. Kulikuwa na boksi la mbao mapokezi limeandikwa "kwa wafanyakazi wote", ufunguo anao meneja. Sijui lilifunguliwa lini.

Halafu wageni wengine, kwa nia njema, wanaacha noti juu ya meza bila neno lolote. Mjue kwamba hiyo kwetu ni mtihani. Nikiichukua na mgeni akarudi akasema hela yake imepotea, nimekwisha. Kwetu ilikuwa amri: hela iliyokutwa chumbani inapelekwa kwa msimamizi kama kitu kilichosahauliwa. Nimepeleka noti nyingi sana zilizokuwa zangu. Andika karatasi, hata neno moja tu "asante", uiweke juu ya hela. Na toa kila siku, usingoje siku ya kuondoka, kwa sababu anayekuja siku ile huenda siye aliyekuhangaikia siku zote.

Na lingine, nalisema kwa sababu nimelipitia. Kuna wageni wanaume wanaotoa bakshishi mkononi huku mlango wameuegemea. Ukitegemea hela ya mgeni ili mwezi uishe, kumwambia "hapana, asante" kuna gharama. Ada inayogawiwa mwisho wa mwezi kwa haki ingenitoa katika hali ile. Kwa hiyo kaka wa Mwanza nakuunga mkono nusu. Mshahara na ada iliyo wazi kwanza. Bakshishi ibaki ya mtu kama yule mama, anayetoa kwa sababu ya kanga yake.

Mchangiaji, Minnesota

Kwa ufupi kutoka Marekani: kima cha chini cha mshahara cha serikali ya shirikisho kwa mhudumu anayepokea bakshishi ni dola 2.13 kwa saa, hakijaguswa tangu 1991, na majimbo mengine hadi leo yanakifuata. Kinachobaki anatakiwa akipate kwa mteja. Mkishaanza njia hiyo kurudi ni kazi. Ila kwenye ada zilizofichwa wamejitahidi: tangu 12 Mei 2025 hoteli inatakiwa ioneshe jumla pamoja na ada zote za lazima pale pale inapotangaza bei. Kwa hiyo hofu ya msimamizi wa Unguja kwamba jirani atamzidi kwa kuficha ina dawa, ni kanuni moja kwa wote. Uingereza nao, kuanzia Oktoba 2024, mwajiri haruhusiwi kubakiza bakshishi wala ada ya huduma, na lazima awe na utaratibu wa maandishi wa kuigawa.

Mtoa mada

Nimewasoma wote, na nimejifunza. Nilisema mgeni akilipa ada asidaiwe bakshishi, hapo bado nimesimama. Lakini nilitaka kumzuia mama asitoe, na kwa hilo nilikosea. Dada uliyesafisha vyumba, shikamoo yangu ipokee. Mama alimkuta yule binti nyuma, penye kamba za kuanikia mashuka, akampa mkononi. Binti aliangalia huku na huku kabla hajapokea. Wakati ule sikuelewa kwa nini.

Msimamizi wa Unguja, wewe umejitokeza kwa uwazi, nami nakuuliza kwa heshima. Toa fidia ya vyombo kwenye ada. Kisha kila mwisho wa mwezi bandika karatasi: tumekusanya kiasi hiki, pointi moja ni shilingi hizi. Ibandike mapokezi, mgeni aione. Unaweza?

Msimamizi wa hoteli ndogo, Unguja

Ya jumla na pointi naweza, ubao ninao jikoni, nitauhamisha. Ya vyombo nipe hadi msimu wa Julai nione hesabu. Sitaki nikuahidi hapa halafu wafanyakazi wangu wasome waje kuniuliza.

Mchangiaji, aliyewahi kusafisha vyumba, Zanzibar

Wacha wasome, kaka. Waje wakuulize.