Mjadala: Je, inafaa kuandika nususpishi ya ndege wa ufukweni kwa kumtazama tu?

Mtoa mada:

Ndugu wachangiaji, hoja ninayoileta inahusu kumbukumbu za ndege ambazo watazamaji wa kawaida huziwasilisha katika kanzidata za umma, na ambazo siku hizi hutumiwa na watafiti pamoja na wapangaji wa hifadhi. Msimamo wangu ni kwamba mtu aliyemwona ndege kwa darubini peke yake, bila picha na bila pete mguuni mwa ndege huyo, aishie kwenye jina la spishi, na kwamba kumbukumbu yoyote ya nususpishi, yaani mgawanyo mdogo ndani ya spishi moja, isiyo na ushahidi irudishwe kwenye ngazi hiyo.

Sisemi hivyo kwa kuyadharau macho ya mtu. Mchukueni Calidris alpina, yule ndege mdogo ambaye tumbo lake huwa na baka jeusi majira ya kuzaliana. Ulaya ya Magharibi hupitiwa na nususpishi tatu, yaani alpina, schinzii na arctica, na kigezo kinachotajwa kwanza kila mara ni urefu wa mdomo: alpina anao mrefu, arctica anao mfupi, na schinzii yuko katikati. Lakini jike ana mdomo mrefu kuliko dume katika nususpishi zote tatu, kwa hiyo dume wa alpina na jike wa schinzii wanaweza kusimama bega kwa bega kwenye tope wakalingana kabisa. Anayeandika “schinzii” kwa kuuona mdomo mfupi huenda ameandika jinsia ya ndege bila kujua.

Isitoshe, kipimo chenyewe hakitulii. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 kuhusu Calidris canutus canutus, nususpishi ya ndege mwingine wa ufukweni ambao hukaa majira ya baridi kwenye Banc d'Arguin, pwani ya Mauritania, ulionyesha kwamba makinda waliozaliwa katika miaka ambayo theluji ya Aktiki iliyeyuka mapema walikua na miili midogo na midomo mifupi zaidi. Ikiwa umbo la ndege hutegemea mwaka aliozaliwa, basi kumpa mtu kibali cha kutaja nususpishi kwa kukadiria umbo kutoka mita mia mbili, jua likiwa machoni na mvuke ukitetemesha picha, ni kujidanganya.

Mchangiaji wa kwanza:

Ndugu mtoa mada, mifano yako ni ya kweli, ila umechagua ile inayokupendelea. Naomba tumtazame sululu, Numenius phaeopus. Nususpishi yake ya nyika, alboaxillaris, ilielezwa kisayansi mwaka 1921 kutokana na ndege waliopatikana Msumbiji, ikatangazwa kuwa imetoweka mwaka 1994, kisha ikaonekana tena mwaka 1997 ikizaliana kusini mwa milima ya Ural. Mwaka 2016 wawili wakaonekana Maputo. Alama yenyewe ni kwapa: sululu wa kawaida ana michirizi ya kahawia chini ya bawa, ilhali huyu ana weupe safi. Ndege akinyoosha bawa kabla ya kujikung'uta, unapata sekunde moja, pengine mbili, za kuliona kwapa hilo, na hakuna atakayekuwa tayari kwa sekunde hiyo iwapo amekwisha fundishwa kwamba nususpishi si kazi yake.

La pili ni uzito wa hasara. Ndege tuliyemjua kwa muda mrefu kuwa spishi moja, Charadrius mongolus, sasa wataalamu wanamgawa mara mbili, baada ya uchunguzi wa vinasaba wa mwaka 2022 kuonyesha kwamba kundi la atrifrons, mojawapo ya makundi mawili ya nususpishi zake, lina undugu wa karibu zaidi na spishi nyingine, Charadrius leschenaultii, kuliko na kundi la pili, mongolus wenyewe. Dume wa atrifrons akivaa manyoya ya kuzaliana huwa na paji jeusi. Dume wa mongolus ana weupe kwenye paji, na mstari mwembamba mweusi juu ya rangi ya kutu ya kifua. Waliokuwa wakiandika kundi tangu zamani wana kumbukumbu zinazoeleweka hadi leo. Waliotii kanuni kama yako wana orodha ya miaka mingi isiyojulikana ni ya ndege yupi.

Mchangiaji wa pili:

Nadhani nyote wawili mmeliruka kosa lililo kubwa zaidi, nalo ni la kuandika kwa kutumia ramani. Wengi hawamtazami ndege hata kidogo. Wanafungua kitabu, wanasoma kwamba mahali fulani pana nususpishi fulani, wanaiandika, kisha kumbukumbu hizo hizo hutumika kuthibitisha ramani. Huo ni mduara. Pale Roebuck Bay, kaskazini-magharibi mwa Australia, nususpishi mbili za Calidris canutus, piersmai na rogersi, hula tope moja, na wakiwa wa kijivu, nje ya majira ya kuzaliana, hakuna anayewatenganisha kwa darubini. Karibu na safari ya kwenda kaskazini, piersmai huiva rangi nyekundu ya matofali, na wekundu wake ni mzito kuliko wa rogersi. Kwa hiyo tarehe ya kumbukumbu nayo ni ushahidi, na kanuni isiyouliza tarehe wala manyoya ina kasoro hata ikidai picha mia.

Na jambo hili si la wakusanyaji wa majina peke yao. Mchukueni Limosa lapponica, ndege wa ufukweni mwenye mdomo mrefu: wale wa nususpishi baueri huvuka Pasifiki moja kwa moja. Mmoja wao mwaka 2022 aliruka takriban kilomita 13,560 kutoka Alaska hadi Tasmania bila kutua. Nususpishi yake nyingine, menzbieri, hupitia Bahari ya Njano kwenda na kurudi, hivyo matope ya huko yakifukiwa anaumia mara mbili. Ndiyo maana mwaka 2016 Australia iliwaorodhesha kila mmoja kwa daraja lake la hatari.

Mtoa mada:

Nimekubali kuhusu sululu, na nimekubali kuhusu paji la uso, kwa sababu hizo ni alama ambazo ama zipo ama hazipo. Ninachokikataa bado ni vipimo vya “kidogo zaidi” na “kizito zaidi”, wekundu wa piersmai ukiwemo, labda nususpishi zote mbili ziwe mbele ya mtazamaji katika mwanga mmoja. Basi naibadili hoja yangu: mtazamaji ataje nususpishi au kundi, lakini aandike alama aliyoiona kwa macho yake, tarehe, na hali ya manyoya, na jina lililoandikwa kwa sababu ya mahali pekee lifutwe.

Huyo Limosa ndiye bado ananisumbua. Baueri ana kiuno cheusi chenye michirizi, menzbieri ana kiuno cheupe zaidi, na vyote viwili hufichwa na mabawa yaliyokunjwa. Ndege mia tatu wamelala kwa mguu mmoja, midomo mgongoni, na maji bado yako mbali. Ninyi mngeandika nini?

Mchangiaji wa kwanza:

Ningeandika Limosa lapponica, mia tatu, kisha ningesubiri maji yapande wainuke.