Natafuta habari za babu aliyekuwa dereva wa gari moshi Moshi

Mjukuu wa Moshi

Shikamooni wakubwa zangu. Naomba msaada wa kuunganisha historia ya babu mzaa baba, aliyekuwa dereva wa gari moshi na aliyeishi miaka mingi katika kota za reli hapa Moshi, mpaka alipostaafu muda mfupi baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977. Nyumbani tumekua tukiambiwa kwamba yeye ndiye aliyeleta "treni ya kwanza", ila baba mdogo anasema treni hiyo ilikuja Moshi, na shangazi anashikilia kuwa ilikwenda Arusha. Tumebaki na picha moja amesimama kando ya injini ya mvuke, pamoja na kitambulisho cha kazi kilichofutika maandishi isipokuwa namba. Je, dai hilo linaweza kuwa la kweli, na nianze kutafuta wapi?

Mzee wa Kahe

Marahaba, mjukuu. Anza na hesabu ya miaka, itakuokolea nauli. Reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893, enzi za Wajerumani, ilifika Moshi mwaka 1911, na mji tunaouita Moshi leo ukakua kuizunguka stesheni, huku makao ya zamani yakibaki kule juu Old Moshi. Kipande cha kwenda Arusha kilikamilika mwaka 1929, Waingereza wakiwa wameshika nchi. Mtu aliyestaafu karibu na mwaka 1977 hakuwa na umri wa kuendesha treni nyakati hizo, na hata angekuwa nao asingekabidhiwa injini, kwa kuwa udereva wa njia kuu ulikuwa mikononi mwa Wazungu na Waasia. Mwafrika alianzia karakana akisafisha injini, akapanda kuwa fayamani wa kutunza moto, na kwa miaka mingi ngazi yake iliishia hapo.

Hata hivyo usiwaite wazee wako waongo. Njia ya Tanga haikuwa imeunganishwa na Reli ya Kati mpaka mwaka 1963, kilipokamilika kipande cha Ruvu hadi Mnyusi, na hapo ndipo treni ilipoweza kutoka Dar es Salaam hadi Moshi. Nchi ilikuwa imepata uhuru miaka miwili kabla, na milango ya udereva ilikuwa inafunguliwa kwa Waafrika. Kama ipo treni ya kwanza inayolingana na umri wa babu yako, mimi naiweka hapo, ingawa dhana yangu haiwezi kusimama badala ya ushahidi.

Binti wa Korogwe

Kwetu pia tulilelewa na reli. Nilipotafuta habari za marehemu baba, karatasi hazikunifikisha mbali kama nilivyofikishwa na mahali walipozaliwa ndugu zangu. Mtu wa reli alihamishwa mara kwa mara na familia ikamfuata, kwa hiyo ukipanga watoto wote kwa mfuatano, ukaandika kila mmoja alizaliwa stesheni gani na mwaka gani, utakuwa na orodha ya uhamisho wake hata kama faili halipo. Baada ya hapo tafuta vyeti vya ubatizo au vya ndoa katika miji hiyo, na usiyapite majina ya wasimamizi na mashahidi, kwani huenda walikuwa majirani wa kota au wafanyakazi wenzake. Waulize zaidi bibi na shangazi. Wanaume wa kwetu walikumbuka injini tu.

Mjukuu wa Moshi

Ahsanteni sana. Nimempigia shangazi jana jioni: mtoto wa kwanza alizaliwa Tanga, wa pili Voi mwaka 1957, na waliobaki wote hapa Moshi. Hiyo Voi inanitatiza, kwa sababu hakuna anayekumbuka babu kufanya kazi Kenya.

Karani Mstaafu

Voi ndiyo habari njema kuliko zote. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia Waingereza walijenga reli ya kijeshi kutoka Voi kupitia Taveta, ikaja kukutana na njia ya Tanga pale Kahe, na hivyo Moshi ikapata njia ya pili ya kufika baharini, yaani Mombasa. Kuanzia mwaka 1948 reli za Kenya, Uganda na Tanganyika ziliwekwa chini ya shirika moja, East African Railways and Harbours, lenye makao makuu Nairobi. Mfanyakazi aliyepelekwa Voi alikuwa bado kwa mwajiri yuleyule, sawa na aliyepelekwa Same, na pengine ndiyo maana nyumbani hawakuhesabu kuwa alifanya kazi nchi nyingine.

Kwa hiyo, kumbukumbu zake zina nyumba mbili. Za kabla ya mwaka 1977 zitafute pia Nairobi, katika hifadhi ya nyaraka ya taifa ya Kenya, na za baadaye zifuate Shirika la Reli Tanzania lililorithi kazi hiyo. Wewe uliye Moshi anzia Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Kabla ya kusafiri, fungua masanduku ya nyumbani utafute karatasi za madai ya mafao ya wafanyakazi wa Jumuiya ya zamani, kwani madai hayo yalidumu miaka mingi. Katika kila barua tanguliza namba ya kitambulisho, maana makarani tuliandika majina ya watu kila mmoja kwa masikio yake.

Mzee wa Kahe

Naongeza jambo moja kuhusu picha. Injini za East African Railways and Harbours zilikuwa na namba ya tarakimu nne, na mbili za mwanzo zilionyesha daraja la injini. Zile za daraja la 29 zilianza kuja mwaka 1951, na injini za mvuke aina ya Garratt za daraja la 60 mwaka 1954, kwa hiyo namba ikisomeka utajua picha haiwezi kuwa ya kabla ya mwaka gani. Itazame kwa kioo cha kukuzia, ubavuni mwa chumba cha dereva na mbele ya injini, kisha utuandikie hapa ulichokiona.